Mfumo mpya kwenye mashini ya kazi: upe jembe siku ya kwanza

Jumapili ile nilirudi kutoka misa, nikafungua sekretaria, yaani duka langu la kuchapa kazi za watu, kisha nikashusha mlango wa chuma hadi nusu. Huku kwetu Lubumbashi, kwenye njia ya Kasapa, msimu wa TFC (kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo) ukiuacha mlango wazi hata siku ya Bwana utasikia "Mama, ni kurasa mbili tu", na kurasa mbili za mwanafunzi huwa ishirini na tano pamoja na majedwali. Nilihitaji utulivu wa saa sita. Nilikuwa nabadilisha mfumo wa uendeshaji wa mashini, yaani kompyuta, inayonilisha bukari (ugali).

Kusakinisha hakukunitisha. Video zimejaa, na mafundi wa mjini wanaifanya kazi hiyo huku wanaongea na simu. Shida ni kwamba wakishafika kwenye skrini ya kwanza yenye picha nzuri wanasema "tayari", wanachukua pesa, wanaondoka. Mimi kazi yangu inaanzia hapo. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mfumo mpya usiusubiri hadi siku ya tatu. Upe jembe siku ile ile, mlango bado uko nusu na hakuna mteja anayekutazama. Nitaeleza nilivyofanya, na mahali niliponaswa.

Mashini yenyewe ni HP EliteBook 840 G3 ya okazyo (mtumba), RAM giga 8, prosesa ya Intel ya kizazi cha 6. Windows 10 iliyokuwemo iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 ipo tangu Oktoba 2021, lakini kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Yangu haifiki. Anayejiandikisha anapata mwaka mmoja wa nyongeza kwenye Windows 10, hadi Oktoba 2026, na ukiwa na haraka ya kazi chukua huo mwaka, si aibu. Zipo pia mbinu za kulazimisha Windows 11 iingie kwa nguvu. Sikuzitaka, mashini ya kazi hailazimishwi. Nikachukua mfumo mwingine, Linux Mint 22.2, toleo la Cinnamon. Familia ya 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na itapewa masasisho hadi 2029. Hailipiwi.

Kabla ya kugusa chochote

Anza na umeme. Intaneti itafuata. Delestaje, yaani kukatwa kwa umeme, ikikukuta diski inagawanywa, utalia. Chaji betri ijae, chomoa chaja, fanya kazi saa nzima uone kama inavumilia. Betri ya okazyo inaweza kukuonyesha asilimia 80 halafu ikazima ghafla kama mshumaa. Yangu ilivumilia. Mashini yangu nyingine, ya mezani, haina betri, na onduleri yake (kifaa cha umeme wa akiba) inapiga kelele dakika nne tu, kwa hiyo hiyo itasubiri siku ambayo jirani atakubali kuwasha jenereta.

Kisha nakili faili zote kwenye diski ya nje. Zote. Mimi nina TFC za watu tangu miaka mingi. Mtu anarudi baada ya miaka mitatu anatafuta kazi yake kwa sababu alipoteza flashi, na ninaipata. Hilo ndilo linalonitofautisha na sekretaria ya ng'ambo ya barabara.

Kama utaiacha Windows pembeni kwanza, na nakushauri uiache mwezi mmoja, izime kabisa ile tabia yake ya kulala badala ya kuzimika, inayoitwa "Démarrage rapide". Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Usipofanya hivyo, Linux ikienda kufungua diski ya Windows itakuta kama mtu amelala mlangoni: utasoma faili lakini hutaweza kuandika humo, na pengine diski haitafunguka kabisa.

Faili ya Mint ina karibu giga 3. Nilinunua kifurushi cha usiku, nikaiacha ishuke nikilala. Asubuhi, kabla ya kuichoma kwenye flashi, hakikisha imefika nzima, maana intaneti yetu inakatika na faili inaweza kuonekana kamili ilhali imeliwa katikati. Ndani ya Windows unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, halafu unalinganisha ile mistari ya herufi na iliyoko kwenye tovuti ya Mint. Ukiona herufi nne za mwanzo na nne za mwisho zinalingana usiseme imetosha, soma yote. Kisha programu iitwayo Rufus inaichoma kwenye flashi. Rufus inafuta kila kilichokuwemo, na hakuna kurudi nyuma.

Jaribu ukiwa bado hujahama

Kwenye HP unawasha, unabonyeza Esc, halafu F9, unachagua flashi. Mint inafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hapo ndipo utafiti wa kweli unapofanyika, na watu wengi wanaruka wakikimbilia kitufe cha kusakinisha. Kaa hapo nusu saa. Unganisha Wi-Fi. Cheza wimbo usikie sauti. Chomeka printa. Funga kifuniko, fungua, uone kama mashini inaamka. Kasi usiihukumu bado, maana kila kitu kinasomwa kutoka kwenye flashi na kinatembea kama mtu aliyebeba gunia la makaa.

Ukiridhika, sakinisha. Ni maswali machache. Lugha nilichagua Kifaransa, kwa sababu wateja na mtoto wa dada yangu ninayefanya naye kazi wamezoea menyu za Kifaransa, na kuna sababu nyingine ya karatasi nitakayoieleza kwenye printa. Nikakubali "codecs multimédias", nikachagua kuiweka pembeni mwa Windows. Chai ya kwanza haikuisha, kusakinisha kukawa kumekwisha.

Klavieri

Mashini nyingi za okazyo zinakuja na klavieri (kibodi) ya QWERTY, mpangilio wa Kiingereza, muuzaji anabandika vistika vya AZERTY, mpangilio wa Kifaransa, juu yake. Mfumo hauoni vistika. Unapofika kwenye ukurasa wa klavieri kuna kisanduku kidogo cha kujaribu kuandika. Andika humo nenosiri lako lote ulione kwa macho, kabla hujafika kwenye ukurasa ambako litafichwa na vidoti. Mimi niliruka. Nenosiri langu lina a na m. Nililiweka klavieri ikiwa bado ya Kiingereza, nikaja kubadilisha baadaye, na kesho yake mfumo wangu mpya mzuri ukanikatalia kuingia mara tano. Nilikaa nikitazama dari. Mwisho nikakumbuka, nikaandika q mahali pa a na ; mahali pa m, ukafunguka. Orodha ya klavieri ni ndefu, ina mpaka ya Kifaransa ya Kongo yetu. Mimi nilibaki na ya Kifaransa ya kawaida iliyozoeleka na vidole vyangu.

Sasa jambo ambalo hakuna fundi aliyeniambia. Kwenye Windows, AZERTY ikiwa na Caps Lock, ule mstari wa juu unatoa tarakimu. Mchapaji aliyezoea anabonyeza Caps Lock, anaandika namba ya simu moja kwa moja. Kwenye Mint, Caps Lock pamoja na kitufe cha é inatoa É. Mtoto wa dada yangu aliandika namba ya matrikuli (usajili) ya mwanafunzi, ikatoka ÉÈÇÀ.

"Mama mudogo, mashini yako inaongea na pepo."

Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu niliona faida. Jalada la kila TFC linaanza na RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO, na chini yake ENSEIGNEMENT SUPÉRIEUR ET UNIVERSITAIRE. Miaka yote nimekuwa nikitafuta ile É kubwa kwa Alt na namba tatu, au ninanakili kutoka jalada la zamani, au, nikubali, ninaandika E tupu. Sasa inatoka yenyewe. Kwa tarakimu, shika Shift au tumia zile namba za kulia kama unazo. EliteBook hii haina, kwa hiyo niliinunulia klavieri ndogo ya namba ya kuchomeka. Vidole vilizoea ndani ya wiki.

Saa

Ukiona saa ya mashini haikubaliani na ya ukutani, hesabu tofauti kwanza. Ikiwa nyuma kwa saa moja, ulichagua Kinshasa kwenye ramani. Wao wako saa moja nyuma yetu. Andika kwenye "Terminal":

timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Jina la mji wetu limo kabisa kwenye orodha ya dunia.

Ikiwa tofauti ni saa mbili, tena inaonekana upande wa Windows baada ya kutoka Mint, hapo mifumo miwili inagombana. Mint inaweka saa ya mashini kwa majira ya kimataifa halafu inaongeza saa mbili zetu. Windows inaisoma ile saa kama ilivyo. Jumatatu saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na robo asubuhi, Windows ikaniambia saa kumi na mbili na robo, na risiti ya kwanza ya siku ikatoka na saa ya alfajiri. Dawa, ukiwa ndani ya Mint:

timedatectl set-local-rtc 1

Mfumo utakuonya kuwa haupendi mpango huo. Uache ulalamike, na siku utakapoiondoa Windows rudia amri hiyo kwa 0.

Flashi

Hapa ndipo sekretaria inapoishi au kufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Flashi ya kwanza niliyoingiza makusudi ilikuwa ya mwanafunzi aliyeniachia Ijumaa, mgonjwa wa ule ugonjwa wa "raccourci" tunaoujua wote: ukiifungua kwenye Windows unakuta folda zako zimegeuka vishale vidogo, na ukibofya kishale kimoja na mashini yako inaambukizwa. Niliichomeka Mint. Dirisha likafunguka, na kila kitu kikawa wazi mezani. Vishale vyenyewe vikiwa faili za kawaida zenye mkia wa .lnk, faili moja ya .vbs ambayo ndiyo mchawi mwenyewe, na katikati folda moja ambayo haikuwa na jina, nafasi tupu tu chini ya picha ya folda. Nikaibofya. TFC nzima ilikuwa mle ndani, sura ya kwanza hadi ya nne, na picha za harusi ya mtu.

Sababu yake ni rahisi. Kirusi hicho kinaficha folda kwa alama ambazo Windows inaziheshimu. Mint haizijali alama hizo. Na ile .vbs imeandikwa kwa ajili ya Windows, hapa haina mtu wa kuiamsha. Nilitoa kazi kwenye folda isiyo na jina, nikafuta .lnk zote na .vbs. Lakini usimrudishie mwenye flashi ukamwambia amepona: kompyuta ya nyumbani kwao ndiyo inayomwambukiza, akiichomeka kule atarudi na ugonjwa ule ule.

Siku hiyo nilijiona daktari. Jumanne nikaadhibiwa.

Mwanafunzi mwingine alikuja na flashi ya giga 64, nikamsahihishia kurasa za mwanzo, nikanakili faili kwenye flashi yake. Ule mstari wa kunakili ulijaa mara moja, ukapotea. Kwenye Windows nilizoea kuchomoa hapo hapo, miaka kumi nachomoa hivyo. Nikachomoa, nikampa, akapanda teksi. Baada ya dakika arobaini amerudi anatoka jasho.

"Mama, mu flashi hamuna kintu!"

Jina la faili lilikuwepo. Ukubwa, okteti (baiti) 0.

Mint, kama Linux zote, inapokea faili, inaiweka kwenye RAM, inakuambia imemaliza, halafu inaendelea kuiandika kwenye flashi taratibu kwa nyuma. Ukichomoa katikati, umechomoa kazi ya mtu. Bahati yake nakala ilikuwa bado kwangu, na nililipa teksi ya kurudi. Tangu hapo sheria ya meza ni hii: kushoto mwa dirisha la faili, mbele ya jina la flashi, kuna alama ndogo ya pembetatu juu ya mstari. Bofya hiyo. Kama bado inaandika, itakuambia usichomoe. Subiri mpaka ikuambie unaweza kuiondoa, au mpaka jina lipotee. Kisha ichomeke tena, fungua faili mbele ya mteja, aione ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Inakula nusu dakika. Mteja akiwa na haraka mwambie Mama ndiye aliyekataa.

Herufi

Idara nyingi zinataka Times New Roman, 12, nafasi ya mistari 1,5. Mint haina Times New Roman, na jambo la hatari ni kwamba haikuambii. Ukifungua faili ya Word ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo kwenye Mint, kile kisanduku cha juu bado kinaandika "Times New Roman". Tazama vizuri: jina limelala, limeandikwa kwa italiki. Maana yake herufi hiyo haipo, umepewa nyingine mahali pake. Inayopewa inaitwa Liberation Serif, na kwa bahati herufi zake zina upana sawa na za Times, kwa hiyo mistari haihami. Mkurugenzi wa TFC, mwalimu anayeisimamia, hatagundua kwenye karatasi. Mimi hata hivyo niliweka zile zenyewe:

sudo apt install ttf-mscorefonts-installer

Katikati itatokea skrini ya zambarau au ya kijivu yenye mkataba mrefu, na kipanya hakifanyi kitu. Hapo wengi wanafikiri mashini imekwama. Bonyeza Tab mpaka "OK" iwake, kisha Enter, halafu ukubali. Inahitaji intaneti, na ikikatika katikati rudia amri kwa kuongeza --reinstall baada ya neno install.

Kifurushi hicho kinaleta Times na Arial, lakini Calibri na Cambria hazimo, na ndizo zinazoleta vurugu, kwa sababu wanafunzi wanaoandika kwenye simu au kwa Word ya zamani bila kubadilisha chochote mara nyingi wanakuja na Calibri. Mbadala wake ni Carlito, na wa Cambria ni Caladea, upana sawa:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Kama tayari zimo, mashini itakuambia. Baada ya hapo nilifungua TFC tano za zamani na kuhesabu kurasa, nikilinganisha na karatasi zilizoko kwenye kabati. Nne zilikuja sawa. Ya tano iliongezeka ukurasa mmoja, kwa ajili ya jedwali lililokuwa limechorwa kwa visanduku vya kubandika juu ya maandishi. Nimejifunza: faili ya kuchapwa tu naomba PDF. Faili ya kusahihishwa naifungua, nasahihisha, na narudisha kwa mtindo wa Word. Hilo nalo lipange mapema: "Outils", "Options", "Chargement/enregistrement", "Général", halafu pale chini uchague Word kuwa ndiyo ya kuhifadhia siku zote. La sivyo utampa mtu faili ya .odt, na simu yake itamwambia haiijui.

Printa

Printa yangu ni HP LaserJet P1102, ndogo, kongwe, haifi. Niliichomeka, Mint ikaitambua kwa jina, ikasema tayari. Nikatuma ukurasa. Karatasi haikusogea. Printa hii, na ndugu zake kadhaa, inahitaji kipande cha ziada ambacho hakiji na mfumo. Ukijua, ni amri moja:

hp-plugin -i

Unajibu maswali, kinashuka kutoka intaneti, unachapa. Usipojua utapoteza mchana ukibadilisha waya. Ndiyo maana nilisema printa ichomekwe mapema, siku ya majaribio, wakati mlango bado uko nusu.

Na ile habari ya karatasi niliyoiahidi. Ukichagua lugha kuwa Kiingereza cha Marekani, mfumo unaamini unaishi Marekani, na karatasi yao inaitwa Letter: fupi kidogo na pana kidogo kuliko A4. Hutaona kitu kwenye skrini. Utaona kwenye karatasi, namba ya ukurasa ikikatwa chini, au printa ikiwasha taa ikidai karatasi ambayo hakuna duka la Lubumbashi linaiuza. Kwa Kifaransa inakuja A4 yenyewe. Bado, ingia kwenye mipangilio ya printa uhakikishe, na uchape ukurasa wenye namba chini kabisa.

Megabaiti

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kimya. Windows yangu ilikuwa ikishusha masasisho inapotaka, na mara mbili ililamba kifurushi cha wiki kwa asubuhi moja. Mint inaonyesha ngao ndogo chini kulia, inakuambia kuna masasisho, halafu inangoja. Mimi nayashusha Ijumaa usiku. Usiyasahau lakini, mara ya kwanza, siku ile ile ya kusakinisha, orodha huwa ndefu, na inafaa kuimaliza yote.

Mtego uko kwenye duka la programu, "Logithèque". Programu ile ile inaweza kuwa na sura mbili, "Paquet système" na "Flatpak". Flatpak ya kwanza unayoichukua inakuja na familia yake yote, mamia ya mega kwa programu ndogo. Chagua ile ya mfumo kila inapowezekana.

WhatsApp, ambako nusu ya kazi zetu inaingilia siku hizi, niliiweka kwa kile kifaa kinachoitwa "Applications web": unampa anwani ya WhatsApp Web, kinakutengenezea kitufe chini kama programu ya kawaida. Dakika mbili.

Yasiyokubali

Kadi za harusi. Nina miaka ya kadi nilizozichora kwa Publisher, na LibreOffice inazifungua kama mtu anayesoma barua ya mwenzake: inaona maneno, mapambo yamekaa ovyo. Nilijaribu mbili nikaacha. Kuna pia mteja wangu mhasibu mwenye programu yake inayotaka Windows tu. Kwa ajili ya hao wawili mashini ya tatu inabaki na Windows, imekatwa intaneti, na flashi haiingii humo kabla haijapita Mint kukaguliwa. Ukiwa na mashini moja tu na mkate wako uko kwenye programu ya aina hiyo, usihame.

Yote yakishatembea, kabla ya kuinua mlango, fungua "Timeshift", chagua RSYNC, piga picha ya mfumo ulivyo. Siku sasisho likiharibu kitu unarudi hapo. Haihifadhi faili zako za kazi, inahifadhi mfumo. Diski ya nje bado ina kazi yake.

Ya mezani, ile ya RAM giga 4, nitaiwekea Mint ya Xfce, ambayo ni nyepesi, Jumapili jirani akiwa na mafuta ya jenereta. Flashi ya kusakinishia iko kwenye droo, nimeizungushia utepe mwekundu. Alhamisi mtoto wa dada yangu alikuwa ameishaichomeka ili amnakilie mteja nyimbo.